Kiwanda kama Ishara na Kiwanda kama Kiwanda: Kuisoma Upya Nitaolewa Nikipenda

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa kwa Kikuyu na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii, ilichezwa na wanakijiji wa Kamirithu, karibu na Limuru, mwezi wa Oktoba 1977. Mwezi uliofuata serikali iliisimamisha, na mwishoni mwa mwaka huo huo Ngugi wa Thiong'o alitiwa kizuizini. Maandishi ya tamthilia hiyo yalichapishwa mwaka 1980, na mwaka 1982 yakatokea kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Mwaka huo huo wa 1982 jukwaa la wazi ambalo wanakijiji walikuwa wamelijenga kwa mikono yao lilibomolewa.

Tangu hapo tamthilia hii imehakikiwa na kufundishwa mara nyingi. Imesomwa kama tamthilia ya ardhi, kama tamthilia ya mgogoro wa matabaka, kama shutuma dhidi ya dini inayowatuliza wanyonge, na kama hoja ya vitendo kuhusu lugha za Kiafrika katika sanaa za maonyesho. Masomo yote hayo yana haki yake. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo limo waziwazi katika matini na ambalo sisi walimu tumezoea kulipita kwa haraka. Shamba la Kiguunda halitakiwi kwa sababu tu kwamba matajiri hupenda mashamba. Linatakiwa ili pajengwe kiwanda, na kiwanda chenyewe ni cha kutengeneza sumu ya kuulia wadudu.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba uhakiki wetu umekigeuza kiwanda hicho kuwa ishara tupu ya ubepari, na kwa kufanya hivyo umepoteza sehemu ya maana ambayo watunzi walikwisha iweka. Hoja ya pili ni kwamba tamthilia zetu zenyewe, pamoja na ushujaa wake wote, bado hazijaonyesha jukwaani namna hasa ambavyo wakazi hupoteza au huokoa mahali pao pa kuishi. Ili kuzipima hoja hizo tutaiweka Nitaolewa Nikipenda kando ya Kigogo ya Pauline Kea, na kisha kando ya mambo yaliyotukia kweli nchini Kenya, hasa Owino Uhuru na Lamu. Mwishoni tutauliza mambo haya yangekuwaje mahali kama Muthara, katika Tigania Mashariki.

2.0 Kiwanda ambacho hakijajengwa

Kiguunda ni kibarua katika shamba la Kioi. Mali yake ni ekari moja na nusu, na fahari yake ni hati ya ekari hizo, ambayo huitunza nyumbani na kuishika mikononi kama mtu ashikavyo kitu kitakatifu. Kioi na mwenzake Ikuua, wakishirikiana na wageni wenye mitaji, wanahitaji kiwanja hicho. Hawakipati kwa nguvu. Wanakipata kwa njia ya ndoa ya kanisani, mkopo wa benki, na hati iliyowekwa rehani. Kiguunda anapofukuzwa kazi, mkopo haulipiki, na shamba linapigwa mnada.

Katika mpango huo wa matukio, kiwanda ni chanzo cha mgogoro wote. Bila ya kiwanda, Kioi hana sababu ya kuingia katika nyumba ya maskini na kunywa chai yake. Lakini kiwanda chenyewe hakionekani. Tamthilia inakwisha kabla jiwe lake la kwanza halijawekwa. Hakuna mhusika anayevuta hewa yake, hakuna mtoto anayekunywa maji yake. Ndiyo maana imekuwa rahisi kwa mhakiki kukiita ishara na kuendelea na safari yake.

Hata hivyo yupo mhusika mmoja anayetuzuia. Gicaamba ni mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Yeye hakizungumzii kiwanda kwa kusikia. Anakijua kutoka ndani, kwa saa zake za zamu, mshahara wake na uchovu wa mwili wake. Na ni huyu Gicaamba anayeuliza swali ambalo Kiguunda hana ujuzi wa kuliuliza, yaani kwa nini wageni wanataka kiwanda cha aina hii kijengwe hapa badala ya kwao. Swali hilo si la umilikaji wa ardhi. Ni swali juu ya mahali ambapo madhara hupelekwa, na juu ya watu ambao huhesabiwa kuwa wanaweza kuishi nayo.

Kwa maoni yetu, Nitaolewa Nikipenda ina migogoro miwili iliyofungamanishwa. Mgogoro wa kwanza ni wa hati: nani mwenye shamba? Mgogoro wa pili ni wa mwili: nani atakayevuta hewa ya shamba hilo baadaye? Watunzi waliukuza wa kwanza mpaka ukatawala jukwaa lote, na wa pili wakauachia mdomo wa Gicaamba. Si kosa la kisanaa. Mwaka 1977, Limuru, ambako kumbukumbu ya kunyang'anywa ardhi ilikuwa bado mbichi, hati ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa machoni pa hadhira. Kosa ni letu sisi tuliokuja baadaye, tukasoma sauti kubwa tu na kuiacha ile ndogo.

3.0 Kigogo na adui asiye na karatasi

Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, ambayo wanafunzi wa sekondari wa Kenya waliisoma kwa miaka kadhaa kama kitabu teule, inatuletea upinzani wa wakazi ukiwa katikati ya jukwaa. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, anafunga Soko la Chapakazi, mahali ambapo wananchi hupatia riziki, kwa kuwa anataka kujenga hoteli ya kifahari hapo. Tunu na Sudi wanaongoza upinzani. Tunu anaumizwa mguu na wahuni waliotumwa, na mwishowe umati unakusanyika mbele ya soko badala ya kwenda kwenye sherehe ya mtawala.

Hapa kuna maendeleo makubwa ya kifani kuliko katika Nitaolewa Nikipenda. Huko Limuru umoja wa wafanyakazi unatangazwa katika wimbo wa mwisho. Huku Sagamoyo umoja ndio tendo lenyewe. Vilevile Kea ametia katika tamthilia yake uvundo, taka na maji machafu, na kwa hiyo mwili wa mkazi umeanza kuwa na mahali pake katika maonyesho.

Lakini Majoka ni adui rahisi. Anaamuru, nalo soko linafungwa. Anakasirika, nao watu wanapigwa. Hahitaji kibali, hahitaji ripoti ya wataalamu, hahitaji sahihi ya mtu yeyote. Mhusika wa namna hiyo hufaa sana kwa kejeli, naye Kea anajua kuitumia kejeli. Ila mtazamaji akitoka ukumbini anaweza kudhani kwamba madhara huletwa na watu waovu wanaopiga kelele. Katika maisha, mara nyingi huletwa na watu wapole wenye mafaili, wanaoanza mkutano kwa sala na kuumaliza kwa soda.

4.0 Kutoka jukwaani hadi mahakamani

Tuangalie sasa yale yaliyotokea. Owino Uhuru ni kijiji cha mtaani katika Mombasa, chenye wakazi wa maelfu kadhaa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukutani mwa kijiji hicho. Moshi ulishuka juu ya mapaa, na maji yenye asidi yakapita kati ya nyumba. Baadhi ya wakazi walikuwa vibarua humo humo. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Akaacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Omido alipewa tuzo ya Goldman. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi wa fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha mwezi wa Desemba 2024.

Mhakiki wa Nitaolewa Nikipenda hana budi kuligundua jambo moja katika habari hii. Wakazi wa Owino Uhuru hawakuwa na hati za ardhi kama aliyokuwa nayo Kiguunda. Kwa kipimo cha hati, hawa ni watu ambao hawana hata cha kunyang'anywa. Walishinda kwa sababu nyingine. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Hakisemi kila mwenye shamba. Kinasema kila mtu. Mgogoro wa mwili, ule ulioachiwa mdomo wa Gicaamba, ndio uliosimama mahakamani. Kiguunda, pamoja na hati yake, alishindwa. Watu wasio na hati, walioleta damu ya watoto wao kama ushahidi, walisikilizwa, ingawa baada ya miaka mingi.

Lamu inatufundisha upande wa pili. Huko kulipendekezwa kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, cha megawati 1,050, mahali paitwapo Kwasasi, si mbali na mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira ilikwisha toa leseni mwaka 2016. Wakazi, wakiwamo wavuvi, walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mashauri ya mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanywa, lakini kukutana na watu kabla ya uchunguzi kukamilika si sawa na kuwaeleza matokeo yake yalipopatikana na kusikia wanasema nini.

Hivyo basi Owino Uhuru ilishinda kwa mwili, na Lamu ilishinda kwa mazungumzo. La kwanza ni suala la dawa na sumu. La pili ni suala la lugha. Na pale suala linapokuwa la lugha, sisi wa idara hizi hatuwezi kujitenga.

5.0 Maneno matatu

Yafaa tuyatazame maneno matatu ambayo mkazi hukutana nayo pindi kiwanda kinapopendekezwa.

Neno la kwanza ni dawa. Kwa Kiswahili cha kila siku kitu kinachoua wadudu huitwa dawa, jina lile lile la kitu kinachomponya mgonjwa. Mtu akiambiwa kwamba karibu na kwake kitajengwa kiwanda cha dawa, ataelewa nini? Hakuna aliyemdanganya. Lugha yenyewe imeuficha ukali wa kitu hicho chini ya jina la huruma. Mtafsiri wa tamthilia, mwandishi wa ripoti na mkalimani wa barazani wote hukutana na mtego huo, na kila mmoja wao ana wajibu wa kusema sumu pale inapokuwa sumu.

Neno la pili ni risasi. Limetoka katika Kiarabu, nalo kwetu lina maana mbili: madini mazito laini, na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Kwa mtu wa kawaida maana ya pili ndiyo iliyo hai, na ile ya kwanza imebaki katika kamusi na katika usemi wa zamani wa kalamu ya risasi, ambayo kwa kweli haina risasi ndani yake. Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake ana risasi katika damu hupata kwanza picha ya jeraha, kisha hushangaa, kwa kuwa hakuna kovu. Hapa ndipo mtunzi wa tamthilia angepata taswira isiyohitaji kutafutwa mbali, kwani lugha imekwisha mpa. Risasi ya madini haina mlio. Humwingia mtoto kwa vumbi, ikakaa mifupani, ikadhoofisha akili yake kabla hajajua kusoma. Hatujui tamthilia ya Kiswahili ambayo imelitumia neno hili kwa upana wake wote.

Neno la tatu ni ushirikishwaji. Tulichambue kwa sarufi. Mzizi ni shiriki. Tukiongeza kiambishi cha kufanyiza tunapata shirikisha, yaani kumfanya mwingine ashiriki. Tukiongeza cha kutendwa tunapata shirikishwa, yaani kufanywa ushiriki. Katika ushiriki wa umma, umma ni mtenda. Katika ushirikishwaji wa umma, mtenda ni mtu mwingine ambaye hakutajwa, na umma ni mtendwa. Mtu aweza kushirikishwa huku amelala. Haitoshi kujibu kwamba haya ni mambo ya viambishi tu. Neno lenye umbo hilo limefaa sana katika utaratibu ambao orodha ya waliohudhuria mkutano hutolewa kama ushahidi kwamba watu wameridhia. Mtu aliweka sahihi ili apate nauli au chakula cha mchana, na sahihi yake ikasafiri mbali kuliko yeye, ikafika ofisini ikiwa na maana ya ndiyo.

Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zilikuwa zimeyaona baadhi ya mambo haya. Zilitaka tangazo la mradi litolewe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watu watakaoathiriwa, na maoni yao, ya mdomo na ya maandishi, yarekodiwe pamoja na tafsiri zake. Lakini ripoti yenyewe, ile yenye mamia ya kurasa za vipimo na majedwali, imezoeleka kuandikwa kwa Kiingereza. Mkazi hutangaziwa kwa lugha yake, kisha kuhukumiwa kwa lugha ya mwingine.

6.0 Tudhanie Muthara

Ili hoja isibaki hewani, tuipeleke mahali. Muthara ni wadi na soko katika Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, katika eneo la milima ya Nyambene. Watu wake husema Kimeru cha lahaja ya Kitigania. Wengi ni wakulima, na miraa ni zao kubwa katika sehemu hizo. Ardhi hapo si jambo dogo: katika sehemu nyingi za Tigania kazi ya kupima na kuamua mashamba ilichukua miaka mingi mno, na kwa hiyo hati inatamaniwa kwa shauku ile ile ya Kiguunda. Isitoshe, Wameru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, ambalo limezoea kusikiliza mashauri ya ardhi na kuyaamua kwa maneno yaliyopimwa.

Tudhanie, kwa ajili ya uhakiki tu, kwamba kiwanda cha aina ya Owino Uhuru kinapendekezwa karibu na nyumba za Muthara. Ripoti itakuja kwa Kiingereza. Chifu ataitisha baraza, na maelezo yatatolewa kwa Kiswahili. Bibi kizee atauliza swali kwa Kitigania. Mkalimani atalifupisha, mwandishi wa kumbukumbu atalifupisha tena, na mwishoni katika karatasi patakuwa na sentensi moja kwamba wananchi waliulizia maji. Bibi hakuulizia maji. Alisema kwamba mto ule hunyweshea mbuzi wa watu fulani, kwamba mwaka wa ukame fulani ulikauka, kwamba mjukuu wake huoga humo akitoka shule. Aliloleta ni ushahidi. Lililobaki ni mada.

Kisha atasimama mtu na kutaja ile methali, mgeni njoo, mwenyeji apone, na watu watacheka na kupiga makofi. Methali hiyo ni nzuri, na katika hali ya kiwanda ina kinaya chungu, kwani kupona ndilo jambo lenyewe linalobishaniwa. Vijana watauliza juu ya ajira, nao wana haki ya kuuliza. Wazee watauliza juu ya mipaka ya mashamba, kwa kuwa hilo ndilo walilofundishwa na historia kuliogopa. Nani atauliza ni kitu gani kitakachotoka katika bomba la moshi? Ni Gicaamba. Lakini Gicaamba yuko Limuru, katika kitabu, na sisi tulimfundisha kama mwakilishi wa tabaka la wafanyakazi, tukasahau kwamba alikuwa pia mtu anayejua viwanda.

Hapa ndipo penye gharama ya usomaji wetu. Mwanafunzi aliyeisoma Nitaolewa Nikipenda kwa kipimo cha hati peke yake ataingia katika baraza la Muthara akiwa na swali moja tu: shamba ni la nani? Akijibiwa kwamba kampuni imelinunua kwa haki, kwa bei nzuri, kutoka kwa mwenye kuridhia, hatakuwa na la kusema. Atakaa chini. Na kiwanda kitajengwa.

7.0 Pingamizi mbili

Yawezekana msomaji akapinga kwamba tunaitwisha tamthilia mzigo wa ripoti. Sanaa, atasema, si mahali pa kueleza kanuni na mabomba. Tunakubali kwamba tamthilia iliyogeuzwa kuwa mhadhara wa afya haitazamiki. Ila hatusemi mtunzi afundishe kemia. Tunasema kwamba baraza, na ukalimani wake, na sahihi zake, na ukimya wake, ni tukio la kidrama kuliko mengi tunayoyaona jukwaani. Lina mgongano, lina siri, lina maneno yanayobadilika maana yakitoka mdomo mmoja kuingia sikio jingine. Mkutano ambao kila mtu anakubali jambo ambalo hakuna aliyelielewa ni tanzia kamili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, wakazi wana haki kila mara? Katika Kinangop mradi wa umeme wa upepo wa megawati zaidi ya 60 ulipingwa vikali kuanzia mwaka 2014, na mwaka 2016 ukaachwa, ingawa upepo hautoi risasi wala moshi. Mhakiki mwaminifu hawezi kusema kwamba kila hofu ni ujuzi. Lakini hata mfano huo unaunga mkono hoja yetu badala ya kuivunja. Pale ambapo watu hawajaelezwa kwa lugha wanayoijua, uvumi hushika nafasi ya maelezo, na mradi mbaya na mradi mzuri hupingwa au hukubaliwa kwa sababu zile zile. Lugha isiyoeleweka haimlindi mkazi, na haimlindi hata mwenye mradi wa halali.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika Nitaolewa Nikipenda kiwanda ni zaidi ya ishara, na kwamba Kigogo, ingawa imeuleta upinzani wa wakazi jukwaani, imewapa adui asiyefanana na yule watakayemkuta. Tumeonyesha pia kwamba katika mashauri ya kweli ya Owino Uhuru na Lamu mambo mawili ambayo tamthilia zimeyapa nafasi ndogo, yaani mwili wa mkazi na lugha ya mkutano, ndiyo yaliyokuwa na uzito.

Kutokana na hayo idara zetu zina kazi mbili. Ya kwanza ni ya istilahi: kutayarisha msamiati ulio wazi wa sumu, vipimo na athari, na kuudai utumike katika muhtasari wa Kiswahili ambao kila ripoti ya namna hii ingepaswa kuwa nao. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na haki ya kujua kitakachomwingia mtoto mapafuni haiwezi kuwa nje ya urasmi huo. Kazi ya pili ni ya uhakiki: kumrudisha Gicaamba darasani na swali lake likiwa zima. Tukimfundisha mwanafunzi aulize shamba ni la nani, tumfundishe pia aulize upepo unavuma kuelekea wapi, na nani amelala upande huo.